Liulize Kabati Kabla ya Kwenda Dukani

Kabati langu la droo nililinunua kando ya Eastern Bypass, hatua chache kutoka Kamakis, pale ambapo moshi wa nyama choma hukutana na vumbi la msasa. Lina droo tano. Mbavu zake ni za saiprasi, nyuso za droo ni MDF iliyopakwa rangi ya kahawia. Lilikuwa limetimiza miaka minne droo ya tatu ilipoanza kugoma. Ukiivuta inakuja nusu, inakwama, kisha inaruka ghafla na kumwaga soksi sakafuni. Nikafanya wanachofanya wengi wetu: nikatoka nyumbani mikono mitupu, nikaingia duka la vifaa na kusema, "Nipe reli za droo."

"Za inchi ngapi?" akauliza kijana wa kaunta.

Nikapanua mikono hewani kama mvuvi anayesimulia samaki aliyemponyoka. "Hivi."

Nilirudi nyumbani na reli za inchi 16. Kina cha kabati kwa ndani kilikuwa inchi 15 na nusu. Kesho yake nikanunua za inchi 14, nikazifunga jioni nzima kwa jasho, na droo ikagoma vilevile. Wiki mbili baadaye fundi mmoja alikuja kwa shughuli nyingine. Akalizunguka kabati, akapitisha mkono nyuma yake, akacheka. "Mzee, reli hazina kosa. Kabati limeachia mgongo." Hadibodi ya nyuma ilikuwa imeng'oka misumari upande mmoja tangu siku tuliyohama nyumba, na kabati zima lilikuwa limelalia kushoto kidogo, kiasi ambacho jicho halioni lakini reli inakijua vizuri sana.

Pesa nilizopoteza siku zile ndizo karo ya ushauri huu. Kipuri kilichovunjika ni shahidi tu. Mhalifu huenda yuko kwingine kabisa. Ukinunua kipuri kipya bila kujua kilichoua cha zamani, unapeleka mgonjwa mwingine katika wodi ileile.

Tafuta kilichoua kipuri

Huku kwetu samani husafiri sana. Sensa ya 2019 iliukuta mji wa Ruiru na watu 490,120, wengi kuliko wa Eldoret, na wengi wetu ni wapangaji. Mwisho wa mwezi utaona pikapu zikipanda na kushuka Bypass na makabati yamefungwa kamba, miguu juu. Kabati linalobebwa ngazi za ghorofa nne huku droo zimo ndani, zimejaa nguo, huwa linasokotwa kila kona ya ngazi. Likifika juu halina mkwaruzo hata mmoja, lakini viungo vimelegea. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: matatizo yalianza lini? Kama jibu ni "tangu tuhamie hapa", anza kwa mgongo, usianze kwa reli.

Kipimo chake ni rahisi na hakihitaji fundi. Toa droo zote. Chukua tepu, pima uwazi wa mbele kutoka kona ya juu kushoto hadi kona ya chini kulia. Kisha pima kutoka kona ya juu kulia hadi ya chini kushoto. Vipimo viwili vikilingana, kabati limenyooka. Vikitofautiana kwa milimita tano au zaidi, limepinda, na hakuna reli duniani itakayolinyoosha. Lisukume taratibu kwa bega upande ulio mrefu mpaka vipimo vikutane, kisha ufunge mgongo upya. Misumari midogo ya awali iache. Tumia skrubu fupi, moja kila baada ya inchi sita hivi, kuzunguka ukingo wote. Hadibodi ile nyembamba, ambayo wengi huidhania ni pazia la kuzuia vumbi, ndiyo inayoshika kona nne za kabati zisikimbiane.

Swali la pili linahusu sakafu. Weka kabati mahali pake, bonyeza kona za juu moja moja. Likitikisika, mguu mmoja unaning'inia na uzito wote unapita mshazari. Kipande cha plaiwudi au cha raba chini ya mguu huo kimewahi kuokoa droo nyingi kuliko reli za bei ghali.

Swali la tatu ni maji. Nyumba zetu nyingi zina vigae, na deki hupigwa kwa ndoo nzima. Kabati la MDF au la chipubodi linalokaa moja kwa moja sakafuni hunywa maji yale kila asubuhi kwa kingo zake za chini, na ubao wa aina hiyo ukishavimba haurudi. Skrubu zilizoingia kwenye ubao uliovimba zinashika uji. Hapo kipuri cha kwanza kununua ni miguu: ya plastiki au ya chuma, ya kimo cha inchi mbili au tatu, ili maji yapite chini na kitambaa kifike.

Swali la nne ni la aibu kidogo: umeweka nini ndani? Droo iliyotengenezwa kwa ajili ya nguo za ndani, leo imebeba albamu za picha, pasi, vitabu vya shule na mawe mawili ya betri ya jua. Mtu wa hivyo hahitaji reli mpya, anahitaji rafu.

Reli: vipimo vinne na mtihani mmoja

Ukishathibitisha kwamba kabati limenyooka na reli zenyewe ndizo zilizochoka, fungua ile mbovu uende nayo dukani. Kamwe usipeleke maneno mahali ambapo unaweza kupeleka chuma. Na ukumbuke kwamba mafundi wengi huku huita reli "rana". Ukisikia jina hilo usidhani umeuziwa kitu kingine.

Sokoni utakutana na aina tatu. Ya kwanza ni ya magurudumu: vyuma vilivyopakwa rangi nyeupe au kahawia, na kigurudumu kidogo cha plastiki kila ncha. Hii ni ya bei ya chini, inasamehe makosa madogo ya vipimo, na kwa kawaida haitoi droo yote nje. Robo ya nyuma hubaki ndani ya kabati. Ya pili ni ya gololi: vyuma vyembamba vilivyoingiana kama antena ya redio, vikitelezea juu ya gololi ndogo za chuma. Hii hubeba mzigo zaidi na aghalabu huitoa droo nzima. Ya tatu hufungwa chini ya droo isionekane, na hujifunga yenyewe polepole. Ni tamu kwa macho, lakini inahitaji droo iliyotengenezwa kwa ajili yake tangu mwanzo. Kama unakarabati kabati la kawaida, iache dukani.

Kipimo cha kwanza ni urefu. Pima kina cha kabati kwa ndani, kutoka ukingo wa mbele hadi mgongo, na pia urefu wa ubavu wa droo. Reli huuzwa kwa hatua za inchi mbili mbili: 10, 12, 14, 16, 18, 20, ambazo kwa milimita huandikwa 250, 300, 350, 400, 450 na 500. Chukua ile ndefu kabisa inayoingia bila kugusa mgongo. Kina kikiwa inchi 15 na nusu, jibu ni 14. Usije ukafanya kama mimi.

Kipimo cha pili ndicho kinachowaangusha hata mafundi: upana wa nafasi kati ya ubavu wa droo na ubavu wa kabati. Reli za gololi zinataka nusu inchi kila upande, yaani milimita 12.7, za magurudumu zinataka karibu hivyo hivyo. Tuseme uwazi wa kabati ni milimita 400. Toa 13 kushoto, toa 13 kulia; droo iwe na upana wa milimita 374. Droo ikiwa 378, reli zitabanwa na utavuta kwa mguu ukutani. Ikiwa 368, reli zitavutwa nje mpaka kibeba gololi kiachie, na siku moja utasikia gololi zikibingirika kwenye vigae. Droo iliyo nyembamba hutibika: weka kipande cha plaiwudi ya milimita 3 nyuma ya reli ya kila upande. Iliyo pana haina dawa ya dukani. Lazima fundi apige randa ubavu wake au aifumue.

Kipimo cha tatu ni kimo cha reli yenyewe. Reli nyingi za gololi za makabati ya nguo zina kimo cha milimita 45. Nyingine, nyepesi zaidi, zina 35. Ukinunua ya kimo tofauti, matundu ya zamani hayatakutana na mapya, na utajikuta unatoboa tundu jipya pua kwa pua na la zamani, mahali ambapo ubao hauna tena nguvu.

Kipimo cha nne ni uzito. Kwenye boksi la reli nzuri huandikwa kilo inazobeba jozi moja. Zisome kwa shaka kidogo, kisha uchukue iliyo na akiba. Droo ya shuka na mablanketi si sawa na ya soksi.

Sasa mtihani wa dukani. Vuta reli mpaka mwisho wake, ishike kwa ncha moja, uitikise kushoto na kulia. Kucheza kidogo ni kawaida. Ikilegalega kama jino la mtoto, irudishe kwenye boksi. Irudishe ndani na kuitoa mara tano huku umefumba macho. Gololi zikiwa sawa, mkono hausikii hatua. Ukisikia kokoto, si yako. Kisha ipime uzito mkononi pamoja na ile ya zamani uliyokuja nayo. Chuma chembamba hujitangaza.

Kwenye reli za magurudumu, soma herufi zilizogongwa kwenye chuma kabla hujalipa. CL na CR ni vipande vya kabati, kushoto na kulia. DL na DR ni vya droo, kushoto na kulia. Jozi kamili ina vyote vinne. Katika maduka yenye haraka, vipande huchanganyika, na mtu hufika nyumbani na kushoto mbili. Na badilisha jozi nzima hata kama umeharibika upande mmoja tu. Reli mpya ikikimbia na mzee aliyechoka, droo itaingia mshazari kila siku mpaka mpya nayo izeeke kabla ya wakati.

Kabla ya kuondoka kwenye mada hii, jambo dogo lililonifanya nivunje droo nikiwa kijana. Reli za gololi hazing'olewi kwa nguvu. Vuta droo mpaka mwisho, utaona kila upande ulimi mdogo mweusi wa plastiki. Kwa kawaida mmoja unabonyezwa chini na mwingine unainuliwa juu, kwa pamoja, na droo inatoka kama kisu kwenye ala.

Skrubu na tundu lililolegea

Nimeona watu wakitupa reli nzima kwa sababu ya skrubu moja inayozunguka bila kushika. Wengine huchukua skrubu ndefu zaidi. Ubavu wa kabati mara nyingi una unene wa milimita 16 au 18. Skrubu ya reli isizidi milimita 16, la sivyo ncha itachungulia upande wa pili, na siku moja itachana mkono wa mtoto au pazia. Kichwa cha skrubu nacho kiwe bapa, kilale ndani ya tundu la reli. Kikichomoza hata kidogo, sehemu inayotembea itakikwaruza kila safari.

Tundu lililolegea kwenye mbao halisi hutibiwa kwa njiti za kiberiti: chovya mbili au tatu kwenye gundi nyeupe ya mbao, zisukume ndani, zikate sawa na uso, ngoja zikauke hadi kesho, kisha urudishe skrubu ileile. Kwenye MDF na chipubodi njiti hazitoshi. Toboa tundu kwa keekee ya milimita 8, gundisha kijiti cha mviringo cha mbao ngumu cha unene huohuo, ngoja usiku mzima, ndipo utoboe katikati yake kitundu chembamba cha kuongoza skrubu. Kazi hii inahitaji subira kuliko ujuzi. Gundi iliyonyimwa usiku wake hulipiza kisasi ndani ya mwezi.

Kitako cha droo

Droo nyingi za bei nafuu zina kitako cha hadibodi ya milimita 3. Nguo zikikaa humo miaka mitatu, kitako hulegea kama machela, kinatoka kwenye mfereji wake, kisha kinakwaruza droo ya chini. Mwenye droo husema reli zimeharibika. Kumbe ni tumbo.

Kama hadibodi bado nzima, itoe, igeuze juu chini, na chini yake ugundishe kibao chembamba cha kupitia katikati, kutoka mbele hadi nyuma. Kama imepasuka, nunua plaiwudi. Karatasi nzima ya plaiwudi ina futi 8 kwa 4, nyingi mno kwa droo moja. Maduka mengi ya mbao ya Ruiru na Thika yana mabaki, na mengine hukukatia. Pima upana wa mfereji kabla ya kuchagua unene. Mfereji wa milimita 4 hauli plaiwudi ya 6. Ukitaka ile nene, iache ikae juu ya vibao vilivyogundishwa kwenye mbavu kwa ndani, na ukumbuke umepoteza kina cha droo kidogo. Uingizapo kitako kipya, rudia kipimo kile cha kona kwa kona, safari hii kwenye droo. Kitako kikikatwa vibaya, droo nayo hupinda.

Vishikio na vitasa

Hapa ndipo macho hutangulia akili. Kishikio kinachong'aa kwenye kioo cha duka kinaweza kukuachia matundu mawili wazi usoni pa kila droo. Kipimo cha kishikio si urefu wake wote. Ni umbali kutoka katikati ya tundu moja la skrubu hadi katikati ya lingine. Vishikio vingi huja kwa 64, 96, 128 au 160. Namba hizo zote ni zidisho la 32, kipimo kilichoenezwa na viwanda vya samani vya Ulaya na sasa kinafuatwa na vya China pia. Vipo vilevile vya inchi tatu, milimita 76. Kati ya 76 na 96 jicho linaweza kudanganyika dukani, skrubu haidanganyiki.

Skrubu za vishikio kwa kawaida ni za milimita 4, zenye meno ya mashine. Urefu wake ni unene wa uso wa droo ukiongeza milimita saba au nane. Uso wa milimita 18 unataka skrubu ya 25. Lakini droo nyingi zina uso wa nje uliogandamizwa juu ya uso wa ndani. Hapo unene ni 32 au zaidi, na skrubu za kwenye pakiti hazifiki. Nunua ndefu siku hiyohiyo. Na ukikaza, tumia bisibisi ya mkono. Keekee ya umeme huvunja meno ya kishikio cha aloi laini kabla hujafahamu.

Kuhusu madini: vyepesi sana vinavyong'aa kama kioo aghalabu ni plastiki iliyopakwa rangi ya chuma, na rangi hiyo hubanduka pale kidole gumba kinapogusa kila siku. Chuma, alumini nzito na aloi ya zinki hudumu. Mwenye ndugu Mombasa au Malindi anayetaka kumpelekea vishikio kama zawadi, achague shaba au chuma kisichoshika kutu, maana hewa ya chumvi haina huruma na mapambo.

Kitasa nacho kina vipimo vyake: kipenyo cha silinda na urefu wake. Silinda ikiwa fupi kuliko unene wa uso, ulimi wa kitasa hautafika kwenye komeo. Nenda na cha zamani, hata kama ufunguo ulipotea zamani.

Mbao zenyewe

Mara nyingine kinachohitajika ni ubavu mpya wa droo au uso mpya. Hapo unaingia soko la mbao, na soko hilo limepitia misukosuko. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii. Ni Julai 2023 ndipo Rais William Ruto alipotangaza kuliondoa katazo hilo. Mbao za mashamba ya watu zilibaki kuuzwa, na miongoni mwake ni mukima, mti ule wa kivuli ambao wakulima wa eneo la kati waliupanda katikati ya mikahawa. Mukima ni mbao nzuri ikikauka sawasawa. Ikiuzwa mbichi, itajikunja droo ikiwa imeshafungwa.

Kwa hiyo, iwe saiprasi au mukima, shika kipande mkononi. Kizito kuliko jirani zake wa ukubwa uleule, na chenye ubaridi kwenye shavu, kina maji. Tazama kwa ncha moja kama mshale, uone kama kimenyooka. Kisha kilaze ndani ya nyumba yako wiki mbili au tatu kabla ya kukikata, kizoee hewa ya chumba. Masika na baridi ya Julai huvimbisha mbao. Droo iliyotengenezwa kwa kubana Januari itagoma Mei.

Kama droo yako ya zamani haina reli na hutelezea mbao juu ya mbao, usikimbilie kuigeuza. Pitisha msasa laini mahali panapong'aa kwa msuguano, futa vumbi, kisha sugua mshumaa mkavu kwenye kingo za chini. Usitumie mafuta ya kupikia. Yanaingia kwenye mbao, yanashika vumbi na kunata. Reli za gololi nazo hazipendi grisi nzito. Zifute kwa kitambaa kikavu, tone moja la mafuta ya cherehani kila upande linatosha, hasa kwetu ambapo vumbi la barabara huingia hata madirisha yakiwa yamefungwa.

Ukiona unga laini chini ya kabati na vitundu vya ukubwa wa kichwa cha pini, kuna wadudu wanaotoboa. Vitundu vyeupe kwa ndani ni vipya; vyeusi ni vya zamani. Usifunge kipuri chochote kwenye ubao huo kabla ya kuutibu kwa dawa ya mbao, nje ya nyumba, kwa kufuata maelezo ya kopo.

Na kama ulichorithi ni kasha la pwani la msaji lenye misumari ya shaba na vidroo vidogo chini yake, kama yanayoonekana Lamu na Unguja, ushauri wangu unageuka kabisa: usibadilishe chochote unachoweza kukitengeneza. Shaba iliyofifia ni umri, si ugonjwa. Kishikio kimoja kikipotea, tafuta mfua shaba akuchongee mwenzake, na kilichovunjika kihifadhi ndani.

Mtoto na kabati

Reli zinazotoa droo nzima nje zina hatari isiyoandikwa kwenye boksi. Droo mbili za juu zikifunguliwa pamoja, uzito wote unahamia mbele. Mtoto akikanyaga droo ya chini kama ngazi, kabati linamwangukia. Mwaka 2016 kampuni ya IKEA ilitangaza kurudishwa kwa makabati ya droo milioni 29 nchini Marekani baada ya vifo vya watoto, na Desemba 2022 nchi hiyo ikapata sheria inayotaka makabati mapya yafaulu mtihani wa kutoanguka. Kabati la fundi wa kando ya barabara halijapimwa na mtu yeyote ila wewe.

Kwa hiyo ukinunua reli za gololi, ongeza kwenye bili vyuma viwili vya umbo la L, plagi za ukutani na skrubu zake. Vifunge juu, nyuma ya kabati, kwenye ubao imara. Si kwenye hadibodi. Kama wewe ni mpangaji, mweleze keateka kwanza. Matundu mawili yanayozibwa kwa plasta siku ya kuhama hayagombanishi watu. Vitu vizito viwe droo za chini, na vitu vinavyomvutia mtoto visikae juu ya kabati.

Lini useme basi

Si kila kabati lastahili kuokolewa. Kama mbavu zimevimba, zimefunuka tabaka kama mandazi yaliyomwagikiwa chai, kila kipuri kipya kitakosa pa kushika. Mimi hufanya hesabu hii: bei ya vipuri, mbao na ujira wa fundi ikizidi nusu ya bei ya kabati jipya la ubora uleule, naacha. Lakini kabla ya kulitupa, navua reli zilizo nzima, vishikio, vitasa na skrubu nzuri, naviweka kwenye kopo. Mbao halisi zikiwa chini ya MDF iliyooza, hizo ni vitako vya droo za kesho. Na kama mbavu ni mbao nzima na kilichochoka ni vyuma tu, karabati bila kusita. Samani ya aina hiyo itakuzika.

Ukikabidhi kazi kwa fundi, kaeni kikao kifupi kabla ya bisibisi kutoka mfukoni. Mwambie, "Fundi, kabla ya kubadilisha, nionyeshe kwa nini hii ilikufa." Fundi mzuri hakasiriki kwa swali hilo, huchuchumaa na kuanza kupapasa mgongo wa kabati. Anayekujibu "tutaweka tu mpya" ameshakupa jibu lako.

Droo ya tatu ya kabati langu sasa inateleza kwa kidole kimoja. Reli zake ni zilezile za inchi 14, zile nilizozilaumu bure kwa wiki mbili. Kilichoongezeka ni skrubu 22 mgongoni na kipande cha raba chini ya mguu wa kulia. Zile za inchi 16 bado ninazo, zimelala kwenye droo ya chini kabisa ndani ya boksi lake. Kila nikienda kutafuta tepu huwa nazikuta hapo, na sijawahi tena kutoka nyumbani kwenda dukani bila tepu hiyo mfukoni.